Ruta ikae karibu na watu, si karibu na nguzo

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kimara alinipigia. "Mwanangu, intaneti nalipia kila mwezi, lakini mjukuu wangu akitaka kupakua notsi mpaka atoke chumbani akakae sakafuni koridoni." Nilipofika nikaomba kuiona ruta, kile kifaa kinachorusha waifai. Akafungua kabati la tivii: imesukumwa nyuma ya king'amuzi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikaishika, ya moto kama pasi iliyozimwa sasa hivi.

Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani, na shida hii naikuta Tabata, naikuta Mbagala, naikuta Goba. Fundi wa faiba, ule waya wa intaneti unaopita kwenye nguzo, anatoboa ukuta ulio karibu na nguzo, anaacha ruta hapohapo, anaondoka. Sebule inashiba, vyumba vya nyuma vinapata makombo. Inaniuma, maana wanaokaa vyumba vya nyuma mara nyingi ndio wanafunzi.

Anza kwa kujua nani anautumia mtandao sana na usiku anakaa wapi. Halafu hesabu kuta kati yake na ruta. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, na kila ukuta unakula nguvu ya mawimbi. Zege lenye nondo linakula zaidi, ndiyo maana ruta ikiwa chini, wa ghorofani wanalalamika. Mawimbi yakiupita ukuta kimshazari yanapambana na unene mkubwa kuliko yakiupita moja kwa moja. Friji, tangi la maji, kioo kikubwa cha kabati la nguo, navyo vihesabu.

Mimi napenda korido, juu ya usawa wa kichwa, kwa sababu milango ya vyumba inafungukia hapo. Lakini usitoboe bado! Weka ruta juu ya kabati au stuli ndefu, iwashe kwa ekstensheni, kisha chukua simu ya Android yenye programu ya kupima waifai. Ingia kila chumba, funga mlango kama unavyofunga usiku, kaa kitandani, soma namba ya nguvu ya mawimbi. Ni za hasi: hasi 50 ni safi kabisa, hasi 67 inatosha kuongea kwa video, hasi 80 utatazama duara likizunguka. Chumba cha yule mjukuu kilisoma hasi 82. Tulikiacha sebuleni kisanduku kinachopokea waya wa faiba, tukavuta waya wa mtandao wa mita 10 hadi koridoni; kikasoma hasi 61. Ndipo nikatoboa.

Antena zisimamishe wima kama nyumba ni ya chini, kwa kuwa mawimbi hutoka ubavuni mwake, si kwenye ncha. Jikoni epuka: maikrowevu hufanya kazi kwenye gigahezi 2.4, na waifai nayo ipo hapohapo. Ile ya gigahezi 5 ina kasi zaidi, ila ukuta unaichosha mapema.

Ruta ya laini, ile inayotumia laini ya simu badala ya faiba, ni habari nyingine. Hiyo lazima kwanza ipate mnara, kwa hiyo ijaribu dirisha moja baada ya jingine, na kila dirisha pima kasi mara mbili tatu kabla ya kuhama. Iweke pasipopigwa jua wala kurushiwa mvua. Ikibidi ikae mbali na vyumba, heri hivyo, kisha waya wa mtandao utoke hapo kwenda vyumbani.

Kama bado kuna chumba kimekufa, tuseme cha uani, usikimbilie kuweka kirudishi, kile kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena mbele, humohumo chumbani. Kirudishi hurudisha kile kinachokifikia tu. Kiweke njiani, mahali panaposoma hasi 65 hivi. Na kama unaweza kuvuta waya mpaka uani, vuta waya, ukafunge ruta ya pili huko.