Kabla ya Kupanda Maua ya Prairi, Weka Jembe Chini

Aliyekulia shambani, akahamia Illinois au Iowa na kupata kiwanja nyuma ya nyumba, hukimbilia jembe. Kwa maua ya prairi, yaani ya mbuga za nyasi za katikati ya Marekani, liweke chini. Ukilima unaamsha mbegu za magugu zilizolala ardhini miaka mingi, nazo huota kabla ya zako.

Anza mwaka mmoja mapema. Tafuta mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku. Funika nyasi kwa turubai jeusi tangu Aprili hadi Oktoba, kingo uzibane kwa mawe. Ukifunua baada ya mwezi, mizizi ingali hai.

Nunua mbegu za asili ya jimbo lako. Pakiti ya "maua ya porini" isiyotaja aina iache dukani. Mara nyingi imejaa maua ya Ulaya. Miche iliyopigwa neonikotinoidi, dawa za kuua wadudu, usiichukue kabisa, kwa sababu sumu hupanda hadi kwenye nekta na chavua.

Ndege mvumaji mwenye koo jekundu huja karibu na Mei na kuondoka Septemba. Chozi wa kwetu hupenda kutua ndipo anywe. Huyu mvumaji hunyonya akiwa hewani, na ua jekundu lenye mrija mrefu ndilo lake. Basi yapokezane: Aquilegia canadensis Mei, Monarda fistulosa Julai (ni ya zambarau, lakini humvuta pia), Lobelia cardinalis Agosti, hii ya mwisho penye unyevu. Ongeza Asclepias, viwavi wa kipepeo monarki hawali kitu kingine.

Samadi, hapana. Hunenepesha magugu, na maua hurefuka yakaanguka.

Mwaga mbegu Novemba, ukizichanganya na mchanga wenye unyevu. Zikanyage, usizifukie: mbegu ya Lobelia ni kama vumbi na huota penye mwanga. Baridi ndiyo huzizindua. Ukingoja hadi Mei, zitangulie kukaa kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu, siku 30 kwa Asclepias, 60 kwa Liatris, ua jingine la prairi.

Sasa mwaka wa kwanza, unaowaangusha wengi. Juni inafika, kiwanja ni magugu matupu. Mche wa Echinacea, nalo ua la prairi, una majani machache tu, madogo kama ukucha, maana nguvu zake zinashuka mizizini. Mtu hauoni. Anang'oa gugu, na mzizi wa gugu unatoka na mche. Akikata tamaa analima upya, anamwaga mbegu nyingine, anarudi mwaka wa kwanza. Usipalilie kwa kung'oa! Magugu yakifika sentimita 30, yafyeke yabaki 15, kila mara, hadi Septemba. Hayatazaa mbegu, na mwanga utafika chini. Maua mengi utayaona mwaka wa pili na wa tatu.

Mabua makavu yaache yasimame kipupwe chote. Baadhi ya nyuki wa asili hulala humo. Soma sheria ya mji kuhusu urefu wa nyasi, na ukingoni fyeka ukanda wa mita moja. Utomvu mweupe wa Asclepias ni sumu: nawa kabla ya kugusa macho, na uwaangalie watoto.