Konokono kwenye bustani ya mboga: anza na mayai

Ukikuta asubuhi miche ya mchicha imebaki vijiti, usikimbilie dawa ya viwavi. Chuchumaa kwanza uangalie. Kiwavi huacha kinyesi cha chembechembe juu ya majani. Sota hukata mche shinani, kisha hujificha palepale udongoni. Konokono huacha ute uliokauka, na jua la asubuhi likiupiga kwa ubavu unang'aa kama utepe wa fedha. Dawa nyingi za wadudu hazimgusi kwa kuwa yeye si mdudu. Ni moluska, ukoo mmoja na pweza, ngisi na chaza.

Anayesumbua zaidi ukanda wa pwani ni konokono mkubwa, Lissachatina fulica, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Achatina fulica. Asili yake ni huku huku Afrika Mashariki. Yuko kwenye kundi la gastropoda pamoja na koa, yule asiye na gamba. Ulimi wake una vijino vingi mno, nao hukwangua jani kama mbuzi inavyokuna nazi.

Kila konokono ana viungo vya kiume na vya kike pamoja. Akishapandana hutunza mbegu za mwenzake kwa miezi, na huweza kutaga tena bila kupandana upya. Kwa hiyo yeyote utakayemwacha ni mtagaji. Mkupuo mmoja ni mayai 100 mpaka 400, ya manjano hafifu, makubwa kidogo kuliko punje ya mtama, yaliyofukiwa sentimita chache kwenye udongo laini wenye unyevu. Huanguliwa ndani ya wiki moja mpaka tatu, na baada ya miezi sita hivi watoto nao wanaanza kutaga. Anayeokota wakubwa tu na kuacha mayai atakuwa na kazi ileile mwezi ujao.

Wakati wa kiangazi konokono huziba mlango wa gamba kwa utando wa chokaa na kulala kwa miezi. Hapo ndipo pa kumwahi, kabla ya masika. Geuza magogo, mawe, marundo ya matofali na magome makavu ya mgomba. Kagua pia kuta zenye lipu, maana hulamba chokaa ili kujenga gamba.

Mvua ikianza, tandaza magunia yaliyoloweshwa kando ya matuta jioni, na chini yake weka maganda ya papai. Alfajiri inua, okota, kisha chimbua udongo wa pale kwa jembe dogo ukitafuta mayai. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Baadaye mara mbili kwa wiki hutosha. Umwagiliaji nao uhamishie asubuhi. Ukimwagilia jioni unamlainishia njia usiku kucha.

Majivu au chokaa kuzunguka kitalu husaidia yakiwa makavu tu; mvua moja ikinyesha, rudia. Chumvi usiitie shambani kabisa: itamuua konokono, lakini itaharibu na udongo. Ukinunua chambo, chenye fosfati ya chuma ni salama zaidi kwa mbwa na kuku kuliko chenye metaldehaidi. Kitawanye chembe mbalimbali kwa kipimo cha kwenye lebo, usikirundike. Konokono aliyekila huacha kula na kwenda kufia mafichoni, hivyo usidhani kimeshindwa kwa kutoona mizoga.

Bata hula konokono wadogo vizuri, ila wafungie miche ikiwa bado michanga. Wazo la kuleta konokono mla konokono lilijaribiwa Hawaii mwaka 1955, na mgeni huyo akaishia kumaliza aina nyingi za konokono wa asili wa visiwani.

Okota kwa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Konokono hubeba minyoo ya panya inayoweza kufika kwenye ubongo wa binadamu, kwa hiyo mboga zenye ute zioshwe jani moja moja na kupikwa. Waliookotwa watumbukize kwenye maji yanayochemka, kisha wafukie. Mayai yaponde kabla ya kuyafukia, la sivyo yataanguliwa hukohuko shimoni.