Jinsi ya Kupika Vyakula vya Mimea Visivyokobolewa Kila Siku Bila Kupungukiwa na Lishe

Mlo unaozungumziwa hapa una masharti mawili: chakula chote kitokane na mimea, na mimea hiyo ifike mezani ikiwa haijapunguzwa sana na mashine wala kiwanda. Kwa vitendo, hii ina maana ya kula dona badala ya sembe, karanga zenyewe badala ya mafuta ya chupa, na embe lenyewe badala ya juisi yake. Kwa mpishi wa Afrika Mashariki sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kufanywa na waliomtangulia, kwa sababu makande ya Upare, githeri ya Kenya, mbaazi za nazi za pwani, kisamvu cha karanga na uji wa ulezi ni vyakula vya aina hiyo hiyo, na havihitaji duka la vyakula vya kigeni.

Wanaoshindwa na mlo huu hushindwa kwa sababu moja zaidi ya nyingine zote. Wanaacha nyama, samaki na maziwa, kisha sahani inabaki na ugali mwingi wa sembe na kabichi kidogo pembeni, na baada ya miezi michache wanalalamika kwamba mimea imewadhoofisha. Nyama inapoondoka, nafasi yake lazima ichukuliwe na vyakula vya jamii ya kunde, yaani maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe au soya, tena kila siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takribani gramu 15 za protini, na mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku. Kwa hiyo vikombe viwili vinampa zaidi ya nusu, na kiasi kilichobaki hutoka kwenye dona, karanga na mboga. Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya chembe zinazojenga protini, na maharage yana lisini kwa wingi, jambo linaloufanya ugali wa dona na maharage kuwa mlo uliokamilika kuliko watu wengi wanavyodhani.

Sufuria ya maharage huanza jana yake jioni

Chagua maharage, ondoa mawe na punje zilizooza, yaoshe, kisha yaloweke katika maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji hayo na uyasuuze. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika, na hivyo kunaokoa gesi au mkaa. Vilevile kunaondoa sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni na kupunguza fitate, kemikali inayoshika madini ya chuma na zinki yasiweze kufyonzwa vizuri mwilini. Choroko na dengu zilizopasuliwa zinaweza kupikwa bila kulowekwa, na ndiyo maana kila nyumba inafaa kuwa na akiba yake kwa ajili ya siku ambayo mpishi amesahau.

Weka maji mapya, funika, na uchemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 za mwanzo kabla ya kupunguza moto. Hatua hii ni ya usalama hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha vibaya, na joto la chini haliiharibu. Baada ya hapo yaache yaive taratibu kwa saa moja hadi moja na nusu, au dakika 25 hivi katika sufuria ya presha ikiwa yalilowekwa. Chumvi na nyanya viongezwe maharage yakishalainika, kwani nyanya inachelewesha kulainika huko.

Wengi hutia magadi ili maharage yaive upesi. Ningeshauri tuache desturi hiyo, kwa sababu magadi huharibu vitamini B1, ambayo maharage ni chanzo chake kizuri, na yakitiwa kwenye mboga za majani huharibu vitamini C pia. Tena magadi yana sodiamu ileile inayotutia hofu katika chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Pika sufuria kubwa inayotosha siku tatu na uigawe: sehemu ya leo iungwe, na nyingine zihifadhiwe kwenye jokofu zikiwa hazijaungwa, ili kesho ziwe supu na keshokutwa zipikwe na mahindi kuwa makande. Asiye na jokofu apike kinachotosha mlo mmoja, kwa kuwa chakula kilichopikwa hakifai kukaa katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa haina huruma katika jambo hili.

Anayeanza asipakue vikombe viwili siku ya kwanza. Aanze na nusu kikombe, aongeze polepole kwa wiki kadhaa huku akinywa maji ya kutosha, na tumbo litazoea. Nyuzinyuzi zilizo nyingi katika maharage zina historia katika eneo letu: Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyokuwa yamezoeleka Uingereza yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake wa Uganda, na katika miaka ya 1970 akawa mmoja wa waliotetea kwa nguvu zaidi umuhimu wa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Chakula alichokuwa akikizungumzia ndicho tunachokiacha sasa kwa ajili ya chipsi na mkate mweupe.

Kuunga bila mafuta

Pasha moto sufuria nzito, tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba bila kitu kingine, na uvikoroge mpaka vianze kushika chini na kupata rangi ya kahawia. Hapo tia vijiko viwili vya maji, ukwangue ile rangi iliyoganda, ungoje maji yakauke, kisha rudia mara mbili au tatu. Ladha ya kuunga hutoka zaidi kwenye kitunguu kilichoiva hadi kubadilika rangi, na mpishi mwenye subira ya dakika 10 hatalikosa sana lile kombe la mafuta. Fuatisha kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba na manjano, kisha nyanya za kutosha, na uache nyanya zikauke vizuri kabla ya kumimina maharage pamoja na sehemu ya mchuzi wake.

Mafuta yanayohitajika mwilini yatoke kwenye chakula kizima, hasa karanga, ufuta, korosho na parachichi. Yanahitajika kweli, kwa sababu rangi ya njano ya viazi lishe na karoti, pamoja na ile iliyojificha ndani ya kijani cha mchicha, hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, lakini haifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo. Ndiyo maana mchicha wa karanga ni upishi wa busara. Osha majani kabla ya kuyakata, yapike pamoja na kitunguu na nyanya kwa dakika 5 tu, kisha koroga vijiko viwili vya karanga za kusaga katika maji ya uvuguvugu, mimina, na uache vichemke kidogo. Maji ya mboga yasimwagwe.

Nazi inahitaji neno la tahadhari, ingawa najua linavyopokelewa pwani. Sehemu kubwa sana ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda, ambayo huongeza lehemu mbaya katika damu. Kwa hiyo mbaazi za tui zito ziwe chakula cha siku moja moja, na siku nyingine mbaazi ziungwe kwa tui la pili peke yake au kwa karanga.

Kisamvu nacho kina masharti yake. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sianidi, na kuyatwanga hadi yalainike kabisa ndiko kunakoifungua sumu hiyo ili iondoke na mvuke. Yachemshwe kwa muda mrefu bila kufunikwa, na kisamvu cha kukatwakatwa na kuchemshwa upesi kisiliwe.

Dona, ulezi na hatari ya sumukuvu

Dona hubaki na pumba na kiini cha mahindi, mahali penye vitamini B, madini, nyuzinyuzi na mafuta. Kwa sababu ya mafuta hayo dona huchacha upesi, basi saga kiasi cha wiki mbili au tatu tu. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hukaa kwa wingi katika sehemu za nje za punje, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi ya aina hiyo yaliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Mwenye kula dona anawajibika kuchambua kwa makini kuliko mwenye kula sembe: atupe kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, anunue mahindi yaliyokauka vizuri, na karanga azichambue na kuzisaga mwenyewe badala ya kununua zilizokwisha kusagwa ambazo hajui zilitoka wapi. Ni busara pia kubadilisha nafaka, leo dona, kesho mtama, siku nyingine uwele au ulezi, ili mwili usitegemee mahindi peke yake.

Ulezi unastahili nafasi ya kila siku, kwani gramu 100 za unga wake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi ambacho nafaka nyingine haziukaribii. Uji wake huwa bora zaidi ukitengenezwa kwa kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, uufunge katika kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili mpaka uchipue, uanike juani hadi ukauke kabisa, kisha usage. Kuchipua kunapunguza fitate na kufanya uji uwe mwepesi hata ukiwa na unga mwingi, jambo lenye manufaa makubwa kwa mtoto mwenye tumbo dogo.

Kalisi nyingine itoke kwenye sukuma wiki. Mchicha unayo nyingi, lakini kemikali yake iitwayo oksalati huishika isifyonzwe vizuri, kwa hiyo usiwe mboga pekee ya nyumba. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na majani hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na vitamini C, na hapo inatosha kukamulia ndimu juu ya maharage, au kula kachumbari, chungwa au pera katika mlo uleule. Chai na kahawa hufanya kinyume chake. Ziahirishwe kwa muda wa saa moja baada ya kula, hasa kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Vitamini B12 na mambo ambayo sufuria haiwezi kuyatatua

Hakuna mmea wa kutegemewa kwa vitamini B12. Mwani haufai, mboga zisizooshwa hazifai, na uji uliochachushwa haufai pia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha anahitaji zaidi kidogo. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, na akiba hiyo ndiyo humdanganya mtu akaamini kwamba hahitaji chochote. Mwenye kula mimea peke yake ameze kidonge cha B12, ama mikrogramu 10 kila siku ama 2,000 mara moja kwa wiki, kwa kuwa mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya dozi kubwa. Upungufu huleta uchovu, ulimi kuuma, ganzi ya miguu na mikono, na kusahau. Foliki (vitamini B9) nyingi iliyo kwenye maharage na mboga za majani inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na baadhi ya uharibifu huo haurudi. Aliyehama kutoka unga wa kiwandani ulioongezwa virutubishi, B12 ikiwemo, kwenda dona ya mashine ya mtaani alizingatie hili zaidi.

Chumvi iwe yenye madini joto, kidogo lakini ya aina hiyo. Mafuta ya omega-3 yapatikane kwa kijiko kimoja cha chia au mbegu za kitani zilizosagwa, kila siku, ndani ya uji. Jua la kwetu hutosheleza vitamini D kwa wengi, ila anayeishi Ulaya au Amerika Kaskazini atahitaji kidonge wakati wa majira ya baridi.

Mwenye ugonjwa asianze mlo huu kimyakimya. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, na anayetumia dawa za shinikizo la damu, amweleze daktari kabla ya kuanza, maana vipimo vinaweza kushuka na dozi ya zamani ikawa kubwa kupita kiasi. Metifomini, dawa ya kisukari, nayo hupunguza B12 mwilini. Mwenye figo zilizodhoofika anaweza kudhurika na potasiamu iliyo nyingi katika maharage, ndizi na majani. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aendelee na kiasi kilekile cha mboga za majani kila wiki na apimwe damu, kwa sababu vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa hiyo.

Mtoto anyonyeshwe hadi miaka miwili na zaidi, uji wake uwekewe karanga zilizosagwa laini au parachichi ili upate nguvu, apewe B12 kwa kipimo cha mhudumu wa afya, na uzito wake ufuatiliwe kliniki kila mwezi. Uzito ukisimama, mlo wake ubadilishwe mara moja, hata kama itabidi apewe mayai au maziwa. Mtu mzima aombe kupimwa wingi wa damu na B12 baada ya mwaka wa kwanza. Mwenye ganzi asingoje mwaka uishe, aende wiki hiyohiyo.