Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kuhamishia Wanafunzi kwa Muda Shule Nyingine Wakati wa Ukarabati

Mwongozo huu ni wa walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule ambao majengo yao yanakarabatiwa na hawana pa kuwaweka watoto. Majina ya ofisi hutofautiana, lakini njia yenyewe hufanana: ombi linatoka shuleni, linapita kwa shule mwenyeji, linaamuliwa na ofisi ya elimu inayosimamia shule hizo. Zikiwa chini ya ofisi mbili tofauti, unahitaji kibali cha zote mbili.

Kabla hujashika kalamu, elewa unaomba nini. Huombi uhamisho wa wanafunzi. Mwanafunzi akihamishwa, jina lake linatolewa kwenye rejista ya shule moja na kuingizwa kwenye nyingine, na mambo mengi yanayofuata jina hilo huhama nalo, kama fedha za uendeshaji na usajili wa mitihani. Wewe unaomba ruhusa ya kuwafundishia wanafunzi wako katika majengo ya wenzako kwa muda. Wanabaki kwenye rejista yako, chini ya walimu wako. Nasisitiza kwa sababu fomu ya uhamisho ndiyo iliyozoeleka, na mtu mwenye haraka huijaza tu. Kuja kuirekebisha baadaye ni kumfuatilia mtoto mmoja mmoja.

Ripoti ya mhandisi kwanza

Ombi lisilo na ripoti ya kitaalamu huonekana kama malalamiko. Ripoti itaje vyumba gani havitatumika, kwa nini, na kazi itachukua muda gani. Mwombe mhandisi aseme wazi kama jengo lina mabati ya asbestosi au rangi ya zamani yenye madini ya risasi. Asbestosi ikivunjwa hutoa nyuzi nyembamba zinazosababisha saratani zikivutwa kwa pumzi. Vumbi la rangi yenye risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Moja ya hivyo ikiwepo, usiombe kuhamisha madarasa mawili na kuacha mengine yakisoma kando ya mafundi. Omba kuhamisha shule nzima, angalau mpaka kazi hiyo imalizike na eneo lisafishwe.

Baada ya hapo itisha kikao cha kamati ya shule, kisha cha wazazi. Andika muhtasari, ambatisha orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Mzazi anayesikia habari za kuhama siku ya kuhama ana haki ya kukasirika.

Kutafuta shule mwenyeji

Nenda mwenyewe, siku ya masomo. Wengi huhesabu madarasa wakaridhika, kumbe shida inakuja vyooni. Viwango ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa kwa shule ni tundu moja kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu moja pamoja na sehemu moja ya haja ndogo kwa kila 50. Sasa piga hesabu: mwenyeji ana wasichana 300, wewe unaleta 200. Yanahitajika matundu 20 ya wasichana peke yao. Kama yapo 11, sema hivyo kwenye ombi na ueleze yatakayoongezwa, hata kama ni vyoo vya muda. Kwa maji ya kunywa na kunawa, kiwango cha chini ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku, hivyo watu 1,000 ni lita 5,000, kabla ya maji ya vyoo vya kuvuta.

Madarasa yasipotosha, kuna zamu: shule moja asubuhi, nyingine alasiri. Zamu ya alasiri isipewe watoto wadogo wanaotoka mbali, maana ndio watakaofika nyumbani giza likiwa limeingia. Acheni pia nafasi kati ya zamu, vyumba vifagiliwe na makundi mawili yasisukumane langoni. Angalia njia ya kufika huko, barabara kubwa za kuvuka, na kama mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuingia darasani.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Maelezo mengine yaende kwenye viambatisho. Mfano:

*YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUFUNDISHIA WANAFUNZI KWA MUDA KATIKA MAJENGO YA SHULE NYINGINE*

*Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Shule yetu yenye wanafunzi (idadi: wasichana, wavulana, wenye mahitaji maalumu) inatarajiwa kufanyiwa ukarabati kuanzia (tarehe) hadi (tarehe). Tunaomba kibali cha kutumia madarasa (idadi) ya shule ya (jina), ambayo uongozi wake umeridhia. Wanafunzi wataendelea kuwa kwenye rejista ya shule yetu na watafundishwa na walimu wetu.*

Sentensi hiyo ya mwisho usiikate. Ambatisha ripoti ya mhandisi, mihtasari ya vikao, barua ya ridhaa ya mwenyeji, ratiba inayopendekezwa, mpango wa usafiri na rasimu ya makubaliano. Peleka masijala, pata mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mkandarasi asikabidhiwe eneo kabla kibali hakijatoka.

Makubaliano na mwenyeji

Hapa ndipo ujirani huvunjika, kwa mambo madogo. Andikeni nani anashika funguo, nani analipa maji na umeme, dawati likivunjika linatengenezwa na nani, walimu wageni wanaweka wapi madaftari, na nani ana mamlaka ya nidhamu juu ya mtoto aliyekosea uwanjani. Ushauri wangu: kila mwalimu mkuu aadhibu wa kwake tu. Wekeni sahihi wote wawili, nakala iende ofisi ya elimu.

Kibali kikitoka

Wajulishe wazazi kwa maandishi. Kama una darasa la mtihani wa mwisho, iandikie mamlaka ya mitihani mapema uulize watahiniwa watafanyia wapi na kwa namba ya kituo kipi. Usisubiri wiki ya mtihani. Daftari la mahudhurio liitwe kila siku kwa jina la shule yako, na wiki za mwanzo lifuatilie kwa makini, kwa kuwa mtoto aliyeshindwa umbali huanza kwa kukosa siku moja moja. Mtembelee mzazi wake kabla hajaacha kabisa.

Kazi ikichelewa, omba nyongeza ya muda kabla kibali cha kwanza hakijaisha, ukiambatisha maelezo ya mkandarasi na tarehe mpya. Na ikikamilika, subiri cheti cha kukamilika kwa kazi na ukaguzi wa majengo, vyoo na umeme. Ndipo uandike barua ya kurejea, ukitaja tarehe, na umkabidhi mwenyeji vyumba vyake kwa orodha ya vifaa mliyoihakiki pamoja.