Somo: Kufungua nati ya ekseli iliyolika kona

Nati inayozungumziwa hapa ni ile kubwa ya katikati ya habu, inayoshika shafti ya CV (ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu). Nyingi huwa za milimita 30, 32 au 36, na hukazwa kwa Nm (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 180 hadi 300 kutegemea gari. Nm 250 kwenye mpini wa nusu mita ni kama kuning'iniza kilo 50 kwenye ncha yake. Ikiwa na kutu, hesabu mara mbili.

Lipo jambo moja la kukubali kabla ya kushika spana: nati hiyo haiokolewi. Ni kitu cha kutupwa. Kinacholindwa ni nyuzi za shafti, beringi na sensa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga).

Kwa nini kona hulika? Sababu kubwa ni soketi ya pembe 12, kwa sababu hushika karibu kabisa na ncha ya kona, ilhali ya pembe 6 husukuma ubavu wa nati. Nyingine ni soketi isiyofika chini. Soketi nyingi zimechongwa mteremko mdomoni, na kama nati ni nyembamba au kuna tope ndani, inashikwa kwa milimita chache tu. Ya tatu husahaulika sana: mdomo wa nati (ukingo wake mwembamba) uliogongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti ili kuifunga haukuinuliwa kwanza, basi nguvu zote zinaishia kupambana na kufuli hiyo.

Hatua ya 1: Kagua na uinue kufuli

Gari likiwa chini, weka handibreki na vizuizi vya magurudumu, toa kofia ya katikati ya rimu. Piga brashi ya waya mpaka uone chuma. Kama kuna spiliti pini, itoe yote. Kipande kilichobaki tunduni kinatosha kukwamisha kazi. Kama ni nati ya kugongwa mdomo, ingiza tindo nyembamba kwenye mfereji na uinue mdomo mpaka uwe juu ya nyuzi.

Tazama pia uelekeo wa nyuzi. Baadhi ya magari ya zamani na malori yana nyuzi za kushoto kwa upande mmoja, na hapo "kufungua" kwako kutakuwa kukaza.

Hatua ya 2: Mafuta ya kupenya kutu

Paka pale nati inapokutana na shafti, si juu ya nati tu. Subiri dakika 30, gonga ubavu wa nati kwa nyundo ndogo mara kumi hivi, paka tena. Ukiweza kuiacha usiku kucha, iache.

Hatua ya 3: Soketi ya kubana

Kwa nati ya 32, tafuta soketi ya inchi 1 na robo, ya pembe 6. Kipimo chake ni milimita 31.75, yaani ndogo kwa robo milimita, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoipa meno mapya. Igonge kwa nyundo ya kilo moja mpaka mlio ubadilike kutoka wa wazi kuwa mzito: hapo imefika chini. Mapigo machache ya uhakika yanatosha, maana kila pigo linapita kwenye beringi.

Kama kona zimeisha kabisa, tumia soketi ya kung'olea yenye meno ya mzunguko ndani. Hiyo huzidi kujibana kadiri unavyofungua.

Tumia mpini wa robo tatu ya inchi na bomba la mita moja. Vuta taratibu kwa uzito wa mwili bila kurusha, na mkono mwingine ushikilie kichwa cha soketi kisiiname. Soketi ikiteleza mara mbili, acha. Jaribio la tatu hulainisha tu nati ambayo ungeweza kuikamata kwa njia nyingine. Ikilegea, usiitoe yote gari likiwa limesimama juu ya gurudumu: piga jeki, weka stendi, toa gurudumu, ndipo umalizie.

Hatua ya 4: Moto, kama beringi inabadilishwa

Sili na grisi ya beringi viko sentimita chache tu kutoka hapo. Nati ikifika rangi nyekundu, hesabu beringi hiyo imekwenda. Kwa hiyo kama beringi inabaki, ruka hatua hii.

Toa sensa ya ABS, futa mafuta yote ya kupenya, na usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Ikipata moto hutoa gesi ya sumu kali. Elekeza moto kwenye nati, si kwenye shafti, ili nati itanuke kwanza. Jaribu kuifungua ingali moto.

Hatua ya 5: Ikate

Hii ndiyo njia ya uhakika kuliko zote, na wengi huifikia wamechelewa. Toa gurudumu, vaa miwani, funika sensa na raba ya shafti kwa kitambaa chenye maji.

Piga hesabu ya unene. Nati ya 32 kwenye shafti ya M24 ina ukuta wa milimita 4 katikati ya ubavu (32 toa 24, gawa kwa mbili). Kata milimita 3 hadi 3.5, sambamba na shafti, na ubakize ngozi nyembamba.

Pa kukatia ni juu ya mfereji wa shafti. Diski ikizidi kidogo, inaangukia kwenye nafasi tupu badala ya kula nyuzi. Kama nati imezama ndani ya habu na diski ya grenda haiingii, toboa matundu mawili matatu kwa drili kwenye mstari huo huo, ukianza na 5 mm.

Kisha simamisha tindo kwenye mkato na upige pigo moja zito. Nati hupasuka, na mara nyingi baada ya hapo huzunguka kwa koleo.

Hatua ya 6: Kufunga

Nati mpya lazima iingie kwa vidole mpaka mwisho. Ikigoma, safisha nyuzi kwa tupa ya pembe tatu. Kaza kwa spana ya torki kwa kipimo cha gari lako, kisha gonga mdomo kwenye mfereji kwa ncha butu. Tindo kali huupasua.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mashine ya upepo haiwezi kumaliza kazi hii?*
Kwenye soketi iliyobana, ndiyo, na ni bora kuliko bomba. Kwenye soketi inayocheza italainisha kona zilizobaki kwa sekunde mbili. Tumia soketi nyeusi za mashine. Za kung'aa hupasuka.

*Yangu imezunguka nusu mzunguko, halafu ikakaza kuliko mwanzo.*
Usilazimishe. Mdomo haukuinuka wote, au kutu imejaa kwenye nyuzi. Rudisha robo, paka mafuta, fungua robo, rudisha tena.

*Naweza kuchomelea nati kubwa juu yake?*
Unaweza. Toa betri, na ethi (kibano cha waya wa kurudisha umeme wa mashine ya kuchomelea) uibane kwenye shafti yenyewe. Ukiibana kwenye bodi, umeme utapita ndani ya beringi na kuchoma njia za golori.

*Grenda imegusa nyuzi. Shafti imekufa?*
Mkwaruzo wa uzi mmoja au miwili unasafishika kwa tupa. Kama mkato umezunguka shafti au umefika kwenye shina la nyuzi, badilisha shafti.

*Upande wa pili nati ni nzima, naweza kuirudisha?*
Ya mdomo wa kugongwa au yenye nailoni, hapana. Ya taji yenye spiliti pini inaweza kurudi kama kitabu cha gari kinaruhusu na nyuzi ni safi, ila pini iwe mpya.