Somo: kurekodi sauti za chini ya mto na kuzigeuza kazi ya sanaa (kelele za boti usizifute!)

Haya wakuu, tuanze.

Hatua ya 1: tafuta haidrofoni, yani maiki ya kuzama majini. Ukikosa tengeneza, chukua kile kisahani cha piezo (kinageuza mtikisiko kuwa umeme) kinachokaa ndani ya baza, kile kidude cha kupiga alamu, unganisha na waya wenye kinga afu funika vyote kwa epoksi mpaka maji yasipate pa kupenya. Lazima upitishie priampu (kifaa cha kukuza sauti kabla haijafika kwenye rekoda) yenye impidansi kubwa, yani ukinzani mkubwa wa umeme pale inapoingilia, la sivyo besi zote zinapotea.

Hatua ya 2: usitupe kwenye mkondo mkali, maji yakipiga waya utasikia ngurumo tu. Tafuta palipotulia pembeni penye mimea, jua likiwaka majani yanatoa vipovu vya oksijeni na kwenye hedifoni ni tik tik tik mfululizo, afu kuna wadudu, kimoja kinaitwa Micronecta scholtzi, milimita 2 tu lakini mwaka 2011 watafiti walitangaza kinafika desibeli 99, na kinaimba kwa kusugua uume wake tumboni (sitanii).

Hatua ya 3: geini (kiwango cha kukuza sauti) ukishaiweka usiiguse tena. Subiri boti. Majini sauti inakimbia kama mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani.

Hatua ya 4: kwenye kompyuta ndo watu wanaharibu. Wanakata besi ili injini ipotee, kazi inabaki tamu ya kulalia, wakati samaki wengi wanasikia vizuri hukohuko chini ya hezi 1,000 injini inakonguruma. Mi naacha wadudu waimbe dakika kadhaa msikilizaji awazoee, afu boti inapanda taratibu inawafunika wote, sipunguzi chochote.

MASWALI

Mkuu, simu inafaa?
Kama rekoda tu, maiki iwe ile ya majini. Na zima ile seti ya kusafisha kelele, itafuta wadudu ikidhani ni mchakacho.

Samaki nao wanatoa sauti kweli au chumvi tu?
Kweli kabisa. Gogogo anakwaruza mwiba wa pezi kwenye kiungo chake, wengine wanatetemesha kibofu cha hewa kwa misuli.

Mwalimu, ukumbini watu watajuaje ni boti sio spika mbovu?
Weka spika ya besi chini ya benchi walilokalia, ikipita wataisikia makalioni.