Somo: Kumfundisha mtoto Kiswahili kwa video, kwa njia ya Montessori

Kabla ya kupiga simu ya video, mzazi aweke mezani kijiko, kikombe na kitabu. Vitu vyenyewe, si picha. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua Nyumba ya Watoto, shule ya watoto wadogo, mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, alitaka mkono wa mtoto uwe kazini. Kwenye kioo cha simu hakuna cha kushika.

Hatua ya 1: kutaja. Nanyanyua kijiko changu, mtoto anashika chake. "Hiki ni kijiko." Kimya kidogo. "Kijiko." Basi, porojo nyingine weka kando.

Mmeona vitu vyote ni vya ngeli moja? Hiki, hiki, hiki: kinachobadilika ni jina tu. Ukianza na kijiko, mwiko na sufuria, umemtwika hiki, huu na hii juu ya majina matatu mapya. Montessori alishika sana jambo hili: ugumu mmoja kwa wakati mmoja. Mwiko, mkate na mfuko vingoje wiki ijayo.

Hatua ya 2: kutambua. "Nionyeshe kikombe." "Weka kijiko chini ya meza." "Mpelekee bibi kitabu." Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na ndipo walimu wa mtandaoni tunapopita mbio, maana mzazi anayelipa anataka kusikia mtoto akiongea. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini mtoto aliyekwenda jikoni akarudi na kikombe, huyo amejibu.

Hatua ya 3: kukumbuka. "Hiki ni nini?" Uliza pale tu unapoona atajibu. Akikosea usimwambie amekosea. Rudi hatua ya 1, au mwache akacheze. (Hatua hizi tatu Montessori alizichukua kwa Mfaransa Édouard Séguin.)

Herufi baadaye: zikate kwenye karatasi ya msasa, mtoto apitishe vidole akitamka "mmm", si "em". Sh, ny na ch, kila moja kadi yake.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka mitatu, dakika tano tu ameshakimbia.

Marahaba. Dakika tano zatosha. Elekeza kamera sakafuni alipo, usimfunge kitini.

– Tuko Uingereza. Binti yangu anaelewa kila kitu ila anajibu kwa Kiingereza. Nimlazimishe?

Hapana, dada. Bado yuko hatua ya 2. Mtume vitu kwa Kiswahili, na akijibu kwa Kiingereza endelea na Kiswahili chako bila kugomba. Bibi asiyejua Kiingereza akiwa kwenye simu, husaidia kuliko mimi.

– Ng' tunaifanyaje? Hata mimi baba yake hunichanganya.

Kadi mbili: ng ya ngoma, ng' ya ng'ombe. Ila msizilete siku moja. Anza na ng'ombe, watoto hupenda kumwigiza.